Kuvua Trauti kwa Nzi wa Manyoya

Leo nataka kusema nanyi juu ya siku moja ya uvuvi katika Mto Gura, utokao katika milima ya Nyandarua, iitwayo pia Aberdare, na ambao maji yake hatimaye huingia katika Mto Tana.

Samaki avuliwaye huko ni trauti. Yeye si mwenyeji wa nchi hii. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliagiza mayai yake kutoka Loch Leven, katika nchi ya Skotlandi, na watoto wake wakatiwa katika Gura. Mwaka 1948 kituo cha kuwakuza kikaanzishwa Kiganjo, karibu na Nyeri.

Mvuvi huyu hatumii mnyoo. Huchukua ndoana ndogo, akaizungushia uzi na unyoya wa shingo ya jogoo, hata ikafanana na mdudu aliyetua juu ya maji. Nzi huyo ni mkavu na mwepesi, kwa hiyo huelea. Lakini kitu chepesi hakitupiki mbali. Basi uzito umo katika mshipi wenyewe, nao ndio urushwao nyuma na mbele kwa ufito mwembamba.

Asubuhi mvuvi hana haraka. Hungoja jua lipashe mto joto kidogo, maana ndipo wadudu hutoka majini wakaruka. Trauti hukaa ameelekeza kichwa kule maji yatokako, akingoja mkondo umletee chakula. Kwa hiyo mvuvi humjia kwa nyuma, akinyata, kivuli chake kisianguke majini. Aonapo kiduara juu ya maji, hutupa nzi wake mbele kidogo ya pale, akamwacha ateremke. Mshipi ukimvuta hata kidogo, samaki hukataa. Mdudu wa kweli hashindani na mkondo. Mara nyingi mtu hutupa bure. Kisha ghafula maji hupasuka, na ufito hupinda.

Adhuhuri samaki hujificha, na mvuvi huketi kivulini. Jioni wadudu hutoka tena, na kazi huanza upya. Samaki wadogo hurudishwa majini wakue.

Pengine mtu atauliza: Mimi ni mkulima, mchezo huu wanifaa nini? Sikilizeni. Trauti hawezi kuishi katika maji ya moto wala ya matope. Maji ya baridi ndiyo yenye hewa ya kumtosha. Jike hutaga katika changarawe safi. Matope yakiifunika, mayai hukosa hewa yakafa. Basi miti ya ukingoni ikikatwa, maji hukosa kivuli yakapata joto. Na shamba likilimwa hata ukingoni, mvua huchukua udongo wote wa juu. Trauti hutoweka kwanza, kisha rutuba ya shamba lako. Udongo huo huteremka hata kwenye mabwawa ya Tana yaletayo umeme, ukayajaza.

Kwa hiyo samaki huyu ni shahidi wetu. Akaapo, twajua kwamba mto ni mzima. Acheni miti na majani ukingoni, na mlime kwa matuta penye mteremko. Akaaye juu ya mto ameshika mkononi kata ya maji ya jirani yake aliye chini.