Bata wa Mwitu na Maji Yao

Watu wengi wakiona bata ziwani husema, "Yule ni bata wa mwitu," wakaridhika. Walakini jina hilo moja hukusanya aina nyingi, na kila aina ina umbo lake na maji yake. Leo twapenda kuwaeleza wanne wa Afrika ya Mashariki.

Mkifika penye maji, yatazameni kwanza maji yenyewe. Ikiwa ni kijito cha milimani chenye mawe na maji yaendayo mbio, kama vile vitokavyo Mlima Kenya, mwenyeji wake ni bata mweusi mwenye mabaka meupe mgongoni. Hukaa wawili wawili, dume na jike, wala hapendi kundi.

Ikiwa ni bwawa la tambarare au shamba la mpunga, sikilizeni kabla ya kutazama. Yuko bata apigaye mbinja, sauti tatu zikifuatana. Husimama wima, shingo yake ndefu, uso mweupe na kisogo cheusi. Hawa huenda kwa makundi, na mara nyingi hula usiku.

Katika maziwa ya nyanda za juu, kama Naivasha, yuko bata wa kijivujivu mwenye mdomo wa manjano ulio na baka jeusi juu yake. Huyu hula kwa kuinamisha kichwa majini na kuinua mkia.

Wa nne ndiye tupendaye mmwangalie sana. Naye huonekana katika maziwa ya Bonde la Ufa. Ni mfupi, mnene, na mkia wake ni mgumu. Dume, wakati wa kuzaa, ana kichwa cheusi, mwili wa rangi ya kutu, na mdomo wa samawati. Hupiga mbizi kutafuta vidudu vya topeni, na kiota chake hukijenga katika matete. Idadi yake inapungua, na nyavu ni sababu mojawapo: huzama kutafuta chakula, akanaswa, akafa maji. Basi, enyi wavuvi, msitege nyavu mahali mnapomwona akizamia. Na matete yasichomwe ovyo, maana viota huteketea pamoja nayo.

Nanyi wanafunzi, andikeni katika daftari zenu siku, mahali, rangi ya mdomo na namna ya kula. Asiyemjua ndege hatajua siku atakapotoweka.