Mchezaji wa Tenisi Hulipwa na Nani?



Sisi wa reli tukitumwa kazini kutoka Kisumu hadi Nakuru, twadai posho ya safari. Mchezaji wa tenisi hana wa kumdai. Nauli, chumba, chakula na ujira wa mwalimu wake hutoka mfukoni mwake, na mshahara hana. Hula kwa kushinda. Wachache hupewa fedha na kampuni za raketi na viatu.

Katika mashindano madogo ya kimataifa zawadi zote pamoja ni dola 15,000. Anayeshindwa siku ya kwanza hapati hata dola 200. Toeni hapo nauli ya ndege! Lakini Wimbledon ya mwaka 2024, aliyeshindwa mara ya kwanza alipata pauni 60,000.

Binti yetu Angella Okutoyi alishinda Wimbledon ya wasichana mwaka 2022, akicheza pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Mashindano ya vijana hayatoi fedha. Baadaye alikwenda Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, ambako chuo ndicho hulipia safari za timu yake.

Sasa habari ya umoja. Mwaka 1972 wachezaji wanaume waliunda chama, ATP. Mwaka uliofuata wapatao 80 waligomea Wimbledon kwa ajili ya mwenzao mmoja, Nikola Pilić, aliyefungiwa. Tangu 1990 wenye mashindano nao wamo katika ATP, jambo ambalo sisi tusingelikubali. Hata hivyo, mwaka 2024 iliwahakikishia wachezaji 100 wa kwanza dola 300,000 kila mmoja, na wa 176 hadi 250 dola 75,000. Wa 300 hakuwamo.