Kamba ya Mohoro



Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale pale Mohoro, kusini mwa mto Rufiji. Walidhani wakimmaliza mganga huyo wa Ngarambe, moto wa Majimaji utazimika. Haukuzimika. Vita viliendelea hadi 1907, vikafika Mahenge na Songea, na watu maelfu kwa maelfu wakafa, wengi wao kwa njaa.

Nawakumbusha habari hiyo kwa sababu ya yaliyotokea ng'ambo ya pili ya mto huo huo. Mwaka 2016 na 2017, huko Kibiti na wilaya jirani, viongozi wa vijiji waliuawa kwa risasi mmoja baada ya mwingine. Aprili 2017 askari polisi 8 waliviziwa wakauawa kwa siku moja. Watu wakasema: wakipatikana, wanyongwe! Nani atamlaumu mjane akisema hivyo? Mimi simlaumu. Lakini uchungu wa mjane ni jambo moja, na sheria ya nchi ni jambo jingine.

Septemba mwaka ule ule wa 2017, Rais John Magufuli alitamka hadharani kwamba hatatia saini mtu anyongwe. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikaamua kwamba kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila muuaji, bila kupima mazingira ya kosa, ni kuvunja haki ya kuishi. Na tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa nchini. Hii ni adhabu gani basi, inayotamkwa mahakamani na kuogopwa Ikulu, huku mfungwa akihesabu miaka na kila kishindo cha mlango kikimshtua?

Mimi nasema muuaji afungwe, hata maisha yake yote. Ila penye hofu kama ile ya Kibiti, jirani huweza kumtaja jirani ili yeye apone. Aliyefungwa kwa ushahidi wa uongo tutamfungulia na kumwomba radhi. Aliyenyongwa tutamwomba radhi wapi?

Serikali ya 1905 ilimwita Kinjikitile mhaini. Leo tunawafundisha watoto wetu kwamba alikuwa shujaa. Hukumu tumeigeuza, kamba hatukuweza kuifungua.

Kwaherini.