Njia ya Umeme Katika Lori la Chama
Hotuba ya Katibu wa chama cha msingi, Nyanungu



Katika sherehe hii ya miaka kumi ya Chama Kikuu, wenzetu wamekwisha kueleza habari za mizani, maghala na bei ya kahawa. Sisi wa Nyanungu tumepewa nafasi ya kuzungumza juu ya lori kuukuu lililokataa kuwaka. Wanaotaka kucheka na wacheke, kwa maana wengi wenu mmelisukuma kwa mikono yenu. Walakini habari hii ina aibu yetu ndani yake, nasi tumeona ni vema tuitaje wenyewe.

Lori hilo ni Bedford la petroli, la aina iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1958. Tulilinunua likiwa limekwisha kuzeeka, kwa sababu fremu yake ni imara na mafundi wa huku wanaifahamu injini yake. Hubeba mahindi na kahawa za wanachama mpaka Tarime mjini. Siku lisipowaka, mwanachama hana budi kukodi lori la mfanyabiashara, na siku hiyo bei ya safari hutajwa na mwenye lori peke yake.

Shida ilianza asubuhi za baridi. Selfu ilizunguka kwa uvivu, ikaguna, ikanyamaza. Kamati ikanunua betri mpya. Lori likawaka kwa siku chache, kisha likarudia tabia yake. Tukanunua ya pili, nayo ikafa. Hapo kamati haikuuliza swali la ufundi, bali iliuliza swali la uaminifu: je, dereva huazimisha betri usiku? Je, huacha taa zikiwaka? Alikana yote mawili. Hata hivyo tulikata shauri kwamba gharama ya betri zote mbili ikatwe katika mshahara wake kidogo kidogo. Uamuzi huo umo katika kitabu cha kumbukumbu, kwa mwandiko wa ofisi yetu.

Aliyetufumbua macho ni utingo, kijana asiyejua hata jina la volti. Asubuhi moja, dereva akipiga selfu, kijana alishika waya wa choki akaunguza vidole. Waya wa choki kazi yake ni kuvutwa tu. Haupasi kupitisha umeme hata kidogo. Kwa nini basi uwe wa moto? Dereva akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kusema, kwamba jambo hilo alikwisha kutueleza. Ni kweli alitueleza. Tulidhani anatafuta udhuru.

Ndugu Wajumbe, umeme wa motokaa hauendi tu, sharti urudi. Hutoka katika betri, hupita waya mnene mpaka selfu, kisha hurudi kwa njia ya mwili wa injini na fremu. Lakini injini hukaa juu ya mipira ili isitikise gari, na mpira haupitishi umeme. Kwa hiyo hufungwa utepe wa shaba iliyosukwa, kutoka injini hadi kwenye fremu. Utepe huo ndio daraja la kurudia. Giaboksi ilipoteremshwa katika uwanja wetu, msimu wa mahindi ukitusukuma, bolti ya utepe ilipotea. Sisi tuliosimamia kazi tulikubali utepe ufungwe kwa kipande cha waya, juu ya rangi na kutu. Daraja likavunjika, na umeme ukatafuta kivuko kingine katika waya mwembamba wa choki.

Tena dainamo imefungwa katika injini hiyo hiyo, na umeme wake hupita daraja lile lile. Kwa hiyo betri ilinyonywa na selfu iliyozunguka muda mrefu bure, na haikupata chaji ya kutosha lori lilipokwenda. Betri ya tatu nayo ingalikufa, na ya nne.

Ajabu ni kwamba dalili tulikuwa nayo kila asubuhi. Washa taa kubwa, kisha piga selfu. Taa zikififia sana, tazama kwanza betri na vichwa vyake. Taa zikibaki na mwanga wake huku selfu ikilegea, betri ina nguvu, ila nguvu hiyo haifiki au hairudi. Taa zetu zilikuwa ziking'aa, nasi tukaenda dukani kununua betri.

Fundi tuliyemwita alikuja na testa ndogo. Kwanza alilitia lori katika gia huru, akaweka mawe kwenye magurudumu, akachomoa waya wa koili ili injini isishike. Betri iliyopumzika ilisoma volti 12.6, yaani imejaa. Akagusa nguzo ya betri kwa ncha moja na mwili wa injini kwa ncha nyingine, dereva akapiga selfu: volti 4. Akahamisha ncha ya pili kwenye fremu: haikufika volti 0.2. Basi kasoro ilikuwa kati ya fremu na injini, wala si penginepo. Selfu hula ampea 200 na zaidi, na kwa mkondo wa namna hiyo kizuizi cha sehemu moja ya mia ya omu hula volti 2 nzima. Kutu kidogo tu yatosha.

Dawa ilikuwa msasa, bolti mpya na grisi kidogo juu yake. Tunawasihi wenye magari ya zamani waangalie pia ni upande gani wa betri ulioungwa na fremu, kwa sababu motokaa nyingi za Kiingereza za miaka ya 1950 ziliungwa upande wa chanya. Sisi tumeuandika upande wa letu kwa rangi nyeupe ndani ya boneti. Na tafadhali, sigara iwe mbali: betri inayochajiwa hutoa hewa iwezayo kulipuka.

Yabaki habari ya dereva. Mkutano mkuu uliagiza arudishiwe kila shilingi, na maneno yale ya kitabuni yakatanguliwa na mengine ya kuyafuta. Lakini yeye alikuwa amekwisha kwenda nyumbani kulima. Wajumbe watatu wa kamati tulimfuata, tukakaribishwa, tukanywa uji, tukasema tuliyokuja kusema. Baba yake mzee alisikiliza bila kutia neno. Dereva akahesabu fedha, akatia sahihi, akanyamaza kitambo. Kisha akauliza kama chama kimekwisha kununua testa yake.

Tulikuwa tumekuja nayo mfukoni. Kesho yake aliliwasha lori yeye mwenyewe.