Mgongo Ukialika: Kunyooshwa Viungo na Maumivu

Mazungumzo na familia zetu, Pazhou



Tangu maonyesho makubwa ya biashara yaanze hapa Pazhou, wengi mmenipigia simu kuhusu mgongo. Mmoja amebeba maboksi, mwingine amesimama ukumbini kutwa, mama mwingine anapanda ngazi na mtoto mgongoni. Swali ni moja: "Niende kwa wale wanaonyoosha mifupa?"

Kwanza tujue kinachofanyika. Hapa China kazi hiyo ni sehemu ya tuina, tiba ya mikono: kukanda, kubonyeza, na mara nyingine kusukuma kiungo kwa ghafla. Marekani wana tiba inayofanana nayo, kairopraktiki, iliyoanzishwa na D. D. Palmer mjini Davenport, Iowa, mwaka 1895. Na sisi nyumbani tuna wazee wetu wa kuchua na kuunga mifupa.

Kiungo kikisukumwa hivyo, unasikia "ko!" Wengi hudhani mfupa uliohama umerudi mahali pake. Sivyo. Ndani ya kiungo mna ute unaolainisha, kama mafuta kwenye bawaba. Kiungo kikivutwa ghafla, gesi iliyomo kwenye ute hufanya kiputo. Ni sauti ileile ya kualisha vidole.

Basi nafuu inatoka wapi? Misuli iliyokaza hulegea, na mwili hutuliza maumivu kwa muda. Nafuu hiyo ni ya kweli, lakini kwa maumivu ya kawaida ya kiuno si kubwa, na haizidi sana ile ya mazoezi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020. Wengi wao hawana ugonjwa mkubwa ndani. Wanachohitaji zaidi ni kutembea, kuimarisha misuli, na kutolala kitandani siku nzima. Kwa hiyo mtu akitaka umlipe leo kwa matibabu ya mara thelathini, shika mfuko wako.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kuna migongo isiyofaa kusukumwa kabisa.

Mimi nimekulia kambini, na wengi wenu pia. Tunaijua TB, lakini wengine hatujui kwamba inaweza kuingia kwenye pingili za mgongo. Maumivu yasiyoisha hata usiku, homa, jasho la usiku, kukonda: hayo ni ya kupimwa hospitali, si ya kukandwa. Pingili zilizoliwa na TB zikipindwa zinaweza kuvunjika, na mtu akapooza. Na TB hiyo ina dawa, inapona. Vilevile mzee mwenye mifupa dhaifu, mwenye saratani, au aliyewahi kuvunjika au kupigwa vibaya huko tulikotoka, amweleze daktari kabla hajaguswa. Najua si rahisi kuyasema. Ukitaka, tutakusindikiza.

Shingo nayo ina mishipa ya damu iendayo kwenye ubongo. Ni nadra, lakini kuipinda kwa ghafla kumewahi kuhusishwa na kuchanika kwa mshipa na kiharusi. Una haki ya kukataa. Shikeni maneno matatu: "tong", inauma, "ting", acha, "bu yao ban bozi", usinipinde shingo. Tuyaseme pamoja, watoto pia, maana wao ndio wakalimani wetu.

Ukipata ganzi sehemu za siri, ukashindwa kuzuia au kutoa mkojo, au miguu ikalegea, usingoje kesho. Vivyo hivyo kama baada ya kupindwa shingo uso unaenda upande, maneno hayatoki, au unaona vitu viwili viwili. Piga simu 120, gari la wagonjwa lije.

Kama hakuna dalili hizo na bado unataka tuina, nenda hospitali ya tiba ya Kichina yenye idara hiyo, ambako daktari atakuuliza na kukupima kwanza. Usianzie duka la kukanda. Beba pasipoti yako na majina ya dawa unazotumia.

Sasa tuulizane maswali. Mama zetu waanze.