Hewa Inaanzia Wapi? Mazungumzo kwa Mafundi wa Kupuliza Rangi



Katika mitaa ya viwanda ya Al Quoz, Ras Al Khor na Al Qusais, fundi wa rangi hujulikana kwa mkono wake. Gari huingia limebonyea na kukwaruzwa, na baada ya siku chache hutoka liking'aa. Wapo waliojifunza kazi hiyo Mombasa, Dar es Salaam au Kampala, wakaja nayo Dubai. Mteja huuona ung'avu wa bodi. Kilichoingia katika mapafu ya fundi hakionekani.

Fundi asiye na kofia ya kuletewa hewa hushawishika kujitengenezea. Hutwaa kompresa ya gereji, au mota ya mashine ya kufyonza vumbi, akaifunga mpira wa maji na barakoa kuukuu, akavuta hewa kutoka nje ya chumba cha rangi. Wazo lenyewe si la kipuuzi, kwani hewa safi iletwayo kwa mpira ndiyo kinga inayofaa kwa kazi hii. Mtego umo katika swali moja ambalo wengi hulisahau: hewa hiyo inaanzia wapi, na inapita ndani ya nini kabla ya kufika puani?

Kwa nini barakoa ya kawaida haitoshi

Rangi nyingi za magari za siku hizi, hasa vanishi ya juu, huchanganywa na kigumishi ambacho mafundi hukiita hadina. Ndani ya vigumishi hivyo mara nyingi mna kemikali ziitwazo isosayaneti. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke wake. Barakoa ya vichujio vya mkaa huupunguza, lakini isosayaneti hazina harufu ya kumwonya mtu kabla hazijamdhuru. Harufu anayoisikia fundi ni ya thina. Ikitoweka, haina maana kwamba hatari imetoweka. Tena barakoa ya kubana haishiki vizuri juu ya ndevu, na hewa chafu hupenya pembeni.

Nchini Uingereza, isosayaneti zimehesabiwa kwa miaka mingi miongoni mwa visababishi vikuu vya pumu itokanayo na kazi, na wapuliza rangi za magari wamo katika kundi linaloathirika zaidi. Mwili ukishaanza kuzikataa, kiasi kidogo mno hutosha kuleta shambulio. Hapo fundi hulazimika kuiacha kazi aliyoijua maisha yake yote.

Mashine haisafishi hewa, huisafirisha tu

Kompresa ya gereji imeundwa kuendesha vifaa, haikuundwa kumvusha mtu pumzi. Nyingi hulainishwa kwa mafuta, na ukungu wa mafuta hayo huingia katika hewa. Ikipata joto kupita kiasi, na kiangazi cha Dubai huvuka nyuzi 40, mafuta yanaweza kuungua na kutoa kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, nayo hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Chujio la kawaida la maji na mafuta haliizuii. Fundi huhisi kichwa kizito na usingizi, akadhani ni uchovu, kisha akaanguka akiwa amevaa kifaa alichokiamini.

Mota ya mashine ya kufyonza vumbi nayo ina madhara yake. Hutoa vumbi la brashi zake pamoja na cheche, na cheche karibu na mvuke wa thina ni moto. Mpira wa maji unaopigwa na jua huweza kutoa kemikali zake katika hewa ipitayo. Wapo pia wanaofikiria mtungi wa oksijeni. Hilo lisijaribiwe kamwe: oksijeni tupu ikikutana na mafuta huweza kulipuka.

Kinachoweza kujengwa na kinachopaswa kununuliwa

Pampu, mpira na kofia vinunuliwe vikiwa vimeidhinishwa kwa ajili ya kupumulia, na vikiwa vimeundwa kufanya kazi pamoja. Pampu isiyotumia mafuta, yenye shinikizo dogo, huondoa hatari ya mafuta kuungua. Kwa kanuni za Marekani, kofia isiyobana ipate angalau lita 170 za hewa kwa dakika, na kaboni monoksidi katika hewa ya kompresa isizidi sehemu 10 katika milioni. Panapotumika kompresa, pawepo vichujio maalumu na king'ora cha kaboni monoksidi.

Mpangilio ndio kazi ya gereji yenyewe. Pampu ikae nje ya chumba cha rangi, mahali pasipo mvuke. Mdomo wake wa kuvutia hewa uwe mbali na feni inayotoa ukungu wa rangi, mbali na jenereta, na mbali na magari yanayounguruma. Upepo ukigeuka, mahali hapo pakaguliwe upya, maana pampu iliyovuta hewa safi asubuhi yaweza kuvuta moshi wa lori adhuhuri.

Wapiga mbizi wa lulu wa Ghuba hii walishuka baharini wakiwa na mtu mashuani aliyeishika kamba yao. Uhai wa aliye chini ulikuwa mikononi mwa aliye juu. Mpuliza rangi naye awe na mwenzake nje, anayeiangalia pampu na kuhakikisha hakuna aliyeegesha gari kando yake.

Baada ya kupuliza, kofia isifunuliwe hata kwa kutazama kazi. Ukungu uliobaki hauonekani kwa mwanga wa kawaida. Fundi asubiri hadi muda wa kusafisha chumba uishe, au atoke nje huku akiendelea kupokea hewa. Ngozi nayo ifunikwe kwa glavu na vazi la kazi, kwa sababu isosayaneti hudhuru kupitia ngozi pia.

Dalili na haki

Kifua kubana, kukohoa na kukorota huweza kuja jioni au usiku, saa nyingi baada ya kazi. Mtu akipata nafuu anapokwenda likizo nyumbani, kisha akaugua tena arudipo gereji, amweleze daktari kwa uwazi kwamba kazi yake ni kupuliza rangi. Anayeumwa kichwa, kuhisi kizunguzungu au kichefuchefu ndani ya kofia atoke mara moja kwenye hewa safi. Akizirai au akishindwa kupumua, ipigwe simu ya ambulensi, 998.

Sheria ya kazi ya Umoja wa Falme za Kiarabu, Nambari 33 ya mwaka 2021, inamtaka mwajiri kuwapatia wafanyakazi njia za kuwakinga na majeraha na maradhi ya kazini. Kwa hiyo fundi anayeomba kofia ya hewa haombi hisani. Msimamizi anayemwacha ajiungie mipira yake mwenyewe ameokoa dirhamu chache na kumwachia mwenziwe deni la pumzi.

Waswahili husema rahisi huvunja upishi. Bodi iliyoharibika rangi hupigwa msasa ikarudiwa, mapafu hayarudiwi. Kabla ya kushika kipulizio, fundi aufuate mpira wake kwa macho hadi mwisho, asimame pale hewa inapoingia, na ajiulize kama angekubali kumlaza mwanawe mahali hapo. Kama jibu ni hapana, kazi isianze.