Mauti ni Mume au ni Mke? Jinsia ya Kifo katika Picha za Chapa za Ulaya



Mwaka 1538, mjini Lyon nchini Ufaransa, ndugu wawili wachapaji, Melchior na Gaspar Trechsel, walitoa kitabu kidogo chenye picha 41 za Mauti. Kila picha ina kimo cha sentimita sita na nusu hivi na upana wa tano. Zilichorwa na Mjerumani Hans Holbein alipokuwa akiishi Basel, Uswisi, kisha zikachongwa kwenye mbao na Hans Lützelburger, fundi aliyefariki mwaka 1526, miaka 12 kabla ya kitabu kutoka. Jina la Holbein halikuandikwa popote humo. Mwandishi wa dibaji, Jean de Vauzelles, aliielekeza kwa mwanamke, mkuu wa nyumba ya watawa ya Saint-Pierre mjini humo. Picha kwa picha, Mauti anamjia Papa, mfalme, hakimu, mkulima, mtoto.

Nimekichagua kitabu hiki kwa sababu kinapingana na maelezo yaliyozoeleka mno. Husemwa kwamba Wajerumani walimchora Mauti mwanamume kwa kuwa neno la kifo katika lugha yao ni la kiume, na kwamba Wafaransa, Waitaliano na Wahispania walimchora mwanamke kwa kuwa kwao neno hilo ni la kike. Sisi tunaosema “yeye” kwa mume na mke tunaweza kuyapokea maelezo hayo bila kuyahoji, tukidhani ni mambo ya sarufi za wenzetu. Mimi nasema sarufi ina sehemu yake, tena ndogo. Mchoraji ndiye aliyeamua Mauti awe nani, na aliamua kwa kutazama ni nani anayekufa na ni nani atakayeinunua picha.

Ushahidi wa upande wa sarufi upo, sitauficha. Kwenye kuta za Camposanto mjini Pisa, mahali pa makaburi, Mauti alichorwa katika karne ya 14 kama bikizee mwenye nywele ndefu na mabawa ya popo, mkononi ana mundu mkubwa. Mshairi Mwitaliano Petrarca naye, katika shairi lake la ushindi wa Mauti, alimfanya mwanamke aliyevaa nguo nyeusi. Huko Nuremberg, Ujerumani, mwaka 1513, mchoraji Albrecht Dürer alichonga kwenye bamba la shaba Mauti mwenye ndevu, amepanda farasi aliyekonda, nyoka wamemzunguka kichwani, ameinua saa ya mchanga mbele ya uso wa askari. Mtu akiishia kwenye kazi hizo tatu, atadhani swali limejibiwa.

Basi turudi kwa Holbein, ambaye lugha yake ni hiyo hiyo ya Dürer. Katika picha ya mke wa kaisari, Mauti ni mwanamke mzee aliyekauka, maziwa yamenyauka, anamwongoza bibi huyo na wajakazi wake hadi kwenye kaburi lililo wazi. Kwa malkia anakuja amevaa nguo za mchekeshaji wa mfalme. Kwa mkulima anakimbia kando ya farasi wa plau akiwahimiza, kama kibarua wake. Kwa maskini anaingia kibandani na kumshika mtoto mkono, huku mama yuko kwenye moto anapika. Mchoraji ni mmoja na lugha ni moja, lakini Mauti anabadilika kila ukurasa, kwa kuwa anachukua hali ya yule anayemfuata.

Fikra hiyo ilimtangulia Holbein. Kwenye makaburi ya Saints-Innocents mjini Paris, Ngoma ya Mauti ilichorwa ukutani mwaka 1424 na 1425, na mwaka 1485 mchapaji Guyot Marchant akaitoa kama kitabu. Humo anayecheza na walio hai si Mauti bali ni maiti: kila mtu ameshikwa mkono na mfu wake mwenyewe. Ngoma hiyo ilikuwa ya wanaume watupu. Mwaka uliofuata Marchant akachapa ngoma ya wanawake, na humo wakaingia malkia, bibi arusi, mjamzito, yaya na mchawi. Wanaume walipangwa kwa vyeo na kazi zao. Wanawake wengi walitajwa kwa yale yaliyowapata miilini mwao.

Tena picha za mbao zilisafiri. Fundi huondoa sehemu zisizotakiwa kushika wino na kuacha mistari imeinuka, kwa hiyo kibao huweza kufungwa pamoja na herufi za risasi na kupigwa chapa kwa mara moja, katika lugha yoyote. Msomaji wa Lyon alisoma beti za Kifaransa za Gilles Corrozet, ambamo kifo ni neno la kike, chini ya picha iliyochorwa na Mjerumani. Hakuna dalili kwamba wasomaji waliona tatizo, maana kitabu kilichapwa tena na tena.

Sasa nifike kwenye kundi la picha linalonisumbua kuliko yote, lile la Mauti na msichana. Mwaka 1548 Hans Sebald Beham, mmoja wa wachongaji wa Kijerumani waliojulikana kwa kazi ndogo ndogo, alichonga kwenye shaba mwanamke aliye uchi amelala usingizi, na kiunzi cha mifupa chenye mabawa kimemwinamia na saa ya mchanga. Picha inatosha kiganjani. Inasemekana ni onyo dhidi ya anasa. Naliona onyo, lakini naona pia kwamba mnunuzi aliuziwa kile kile alichoonywa nacho. Linganisheni na Holbein: Mauti akimjia tajiri, anazoa fedha zake mezani, akimjia mke wa mtawala, anamvuta kutoka kitandani. Mwanamume ananyang’anywa alichonacho. Mwanamke anashikwa mwili. Mauti amekuwa mwanamume hapa kwa sababu picha inataka mshikaji, na ingemtaka hata kama neno la Kijerumani lingekuwa la kike.

Aliyeubomoa mpango huo ni mwanamke. Käthe Kollwitz, msanii wa Berlin, alichonga mwaka 1910 picha ya Mauti na mwanamke: mifupa imemfunga mikono kutoka nyuma, mwili wake umejikunja, kama walivyochora wanaume kwa karne nne. Ila yeye aliongeza mtoto, anayemng’ang’ania mama kifuani. Kwa mtoto huyo mmoja tamaa yote inatoka kwenye picha, na vinabaki vita vya watu wawili juu ya mama. Miaka minne baadaye, Oktoba 1914, mwanawe Peter aliuawa vitani Ubelgiji.

Mwaka 1933 Wanazi walimlazimisha kujiuzulu katika Akademia ya Sanaa ya Prussia. Kati ya 1934 na 1937 akatengeneza litografia, yaani picha za chapa ya jiwe, nane juu ya kifo. Katika mojawapo msichana amelala mapajani mwa Mauti, amefunikwa, amepokelewa kama mtoto kwa mamaye. Katika ya mwisho kuna mtu mwenye sura ya Kollwitz mwenyewe, na Mauti ni mkono tu unaoshuka kutoka nje ya picha na kumgusa. Mkono huo si wa mume wala wa mke. Sarufi ya Kijerumani haikuwa imebadilika hata kidogo.

Wanafunzi wangu, hasa ninyi mnaosomea sanaa, nawaomba jambo moja. Mkikutana na picha ya Mauti, wekeni kamusi kando kwanza. Tazameni amemshika nani, na amemshika wapi, kisha ulizeni picha ile ilichongwa ili inunuliwe na nani.